Dawa za Mshiko kwa Viganja Vyenye Jasho: Nilizozijaribu kwenye Mlingoti Hapa Mombasa

Kwa muda wa miezi kumi na minane nimekuwa nikifanya mazoezi ya dansi ya mlingoti, ile ya kupanda na kujizungusha kwenye nguzo ya chuma, katika chumba kimoja cha ghorofani huko Nyali, chumba cha wanawake peke yao chenye mapazia mazito, na katika muda huo nimenunua au kuazima karibu kila dawa ya mshiko, yaani ya kupaka ili ngozi isiteleze kwenye chuma, niliyoweza kuipata. Naandika tathmini hii kwa ajili ya dada ambaye viganja vyake hulowa hata kabla hajakigusa chuma. Mimi ni mmoja wao, na maelezo mengi niliyoyasoma nilipoanza yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao kubwa ni ngozi kavu. Ushauri unaowafaa wao ndio ulionifanya nipoteze pesa na nusura nivunjike kifundo cha mkono.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni kwamba dawa hizi ni za aina mbili, ingawa huuzwa kwa jina moja. Zipo zinazokausha, na zipo zinazonatisha. Ile ya kunatisha huhitaji ngozi iliyokauka ili ipate pa kushika. Ukiipaka juu ya jasho, hukaa juu ya maji na kuteleza pamoja nayo. Nilijifunza hayo kwa iTac2, dawa ya Australia yenye nta ya nyuki, ambayo rafiki yangu aliisifu sana. Niliipaka viganjani siku moja ya Februari, kaskazi likiwa limesimama na hewa ya baharini ikiwa nzito kama blanketi. Katika dakika tano nta ile ilikuwa imechanganyika na jasho langu, ikawa kama samli iliyoanza kuyeyuka, na niliposhuka niliona alama za vidole vyangu vyote kumi zimeganda juu ya kromu ya mlingoti. Dada aliyenifuata aliteleza pale pale. Hata hivyo siwezi kuilaumu dawa yenyewe, kwani nyuma ya magoti na kwenye mapaja, ambako mimi sitoki jasho jingi, imenishika vizuri kuliko kitu kingine chochote. Inunue kwa ajili ya miguu, na uipake kidogo sana.

Jambo la pili linahusu jasho lenyewe. Jasho la mgongoni huletwa zaidi na joto, lakini la viganja na nyayo huitikia hofu na msisimko, na ndiyo maana mtu anaweza kukaa mbele ya kiyoyozi na mikono ikaendelea kutiririka. Ukiwa umesimama chini ukijaribu dawa, itaonekana inafaa. Ukianza kupinduka kichwa chini, na moyo ukaanza kwenda mbio, hapo ndipo utajua umenunua nini. Kwa sababu hiyo, dawa zote ninazozitaja hapa nilizipima kwenye mtindo uliokuwa ukinitisha wakati huo, huku godoro la usalama likiwa chini na mwalimu akiwa kando yangu.

Iliyonifaa kuliko zote ni Dry Hands ya Marekani. Ni maji meupe yanayomiminwa kidogo kiganjani, yakasuguliwa mpaka yakauke na kuacha utando mwembamba kama unga, usionata kabisa. Siri yake ni tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na kusubiri: watu wengi huikimbilia tabaka ya pili kabla ya kwanza kukauka, kisha wakasema haifanyi kazi. Katika miezi ya kusi, Julai na Agosti, hunichukua nyimbo mbili kabla sijaipaka tena; wakati wa kaskazi hata wimbo mmoja na nusu ni neema. Kasoro zake ni mbili. Hukausha ngozi mno, hata sugu za chini ya vidole vyangu zikapasuka mara moja na kunilazimu kupumzika siku nne. Pia haipatikani kwa urahisi hapa mjini. Kichupa changu cha kwanza nilikiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, kikaja kifuniko kikiwa kimelegea na nusu ya dawa imemwagikia ndani ya bahasha, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Tangu hapo humwagiza jamaa anayesafiri.

Asiye na jamaa wa kumwagiza asikate tamaa, kwa maana chaki ya maji haiko mbali nayo. Hii ni kabonati ya magnesiamu iliyochanganywa na alkoholi, ile ile wanayoitumia wanyanyua vyuma na wapanda miamba, na nimeipata katika duka la vifaa vya michezo. Kiasi cha punje ya kunde kinatosha viganja viwili. Unasugua, alkoholi inaruka, chaki inabaki. Lakini soma maandishi ya chupa kwa makini, kwa sababu baadhi ya chaki hizi hutiwa ulimbo wa msonobari. Ulimbo hushika kweli, ila hung'ang'ania mlingoti, hukusanya vumbi na kuuharibia kila anayekuja baada yako. Mwalimu wetu ameupiga marufuku, nami namuunga mkono kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likisemwa popote, na kwetu lina uzito. Darasa letu humalizika karibu na magharibi, na wengi wetu huhitaji kutia udhu mara tunapotoka. Chaki hutoka kwa sabuni na maji mara moja. Nta haitoki hivyo. Huacha utando unaozuia maji yasiifikie ngozi, na nimewahi kusimama bombani nikisugua viganja kwa sabuni ya kipande mpaka adhana ikaisha. Anayejali wakati wa sala azingatie hili kabla ya kununua dawa yoyote yenye nta.

Mighty Grip ya unga, inayoamshwa na joto la mkono, ilinifaa siku ambazo viganja vyangu vilikuwa na unyevu kidogo tu. Vilipolowa kweli, iligeuka uji. Povu la kunyolea, ambalo wachezaji wengi hulipaka na kuliacha likauke, ni la bei nafuu na si baya kwa mazoezi ya chini. Poda ya mtoto, ambayo sisi hujipaka shingoni na kifuani kila baada ya kuoga, usiilete kabisa karibu na mlingoti, kwa sababu talki huongeza utelezi. Mafuta ya nazi ni mabaya zaidi, hata yaliyopakwa asubuhi. Kama umewaona Wahindi wa mallakhamb, mchezo wa viungo juu ya mti uliosimikwa, wakiupaka mti wao mafuta ya mbarika, elewa kwamba wao huupunguza msuguano kwa makusudi, tena kwenye mbao; sisi twahitaji kinyume chake.

Kwa wale ambao hakuna dawa ya mshiko inayowatosha, iko njia ya kuzuia jasho kabla halijatoka. Driclor, yenye kloridi ya alumini ya asilimia 20, hupakwa usiku na kuoshwa asubuhi. Mzee wa duka la dawa alinishika mkono, akaugeuza, akauona ulivyolowa, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii usiipake mkono ukiwa hivi. Kausha kwanza, ulale nayo, na pakikuwasha sana uiache." Alikuwa na haki, maana dawa hiyo ikikutana na maji hutengeneza asidi inayochoma ngozi, na penye mchubuko maumivu yake hayasemeki. Niliipaka usiku tano mfululizo, sasa naipaka mara moja kwa wiki, na tofauti naiona. Anayetiririka jasho viganjani kila siku, hata akiwa amepumzika nyumbani, amwone daktari wa ngozi, kwa kuwa hali hiyo inatibika.

Mwisho, msiilaumu dawa kwa makosa ya chuma. Chumbani kwetu kiyoyozi huwaka kwa saa nzima, mlingoti ukapoa, kisha mtu akafungua dirisha la upande wa bahari. Dakika chache baadaye nimepitisha kidole na kuona mstari kwenye ukungu uliotanda juu ya kromu, kama kioo cha gari wakati wa mvua. Hakuna chaki itakayoshinda hapo. Tunafunga dirisha, tunaufuta mlingoti kwa spiriti na kitambaa kikavu, kisha tunaupasha joto kwa mikono na mapaja kabla ya kupanda. Ikiwa utapata nafasi ya kuchagua chuma, shaba ya manjano humshika mwenye jasho vizuri kuliko kromu, ingawa huhitaji kusafishwa zaidi.

Nimemwomba mwenye lile duka la vifaa vya michezo alete Dry Hands chupa sita kabla kaskazi halijaanza. Amesema ataanza na mbili, aone kama zitanunuliwa.