Tahadhari kuhusu wauzaji wa pampu za umeme za kujazia upepo wa matairi mtandaoni

Ndugu zangu wenye magari, wa Dar es Salaam na wa mikoani mnaotumiwa mizigo kwa basi, naomba tuwe macho na baadhi ya wauzaji wanaotangaza pampu ndogo za umeme za kujazia upepo kupitia Instagram na makundi ya WhatsApp. Sisemi kwamba pampu hizi hazifai kununuliwa. Iliyo nzuri inamfaa sana mtu anayesafiri usiku kati ya Morogoro na Iringa, kwa kuwa tairi linalopungua upepo polepole kwa sababu ya msumari linaweza kujazwa na kumfikisha kwa fundi pancha bila kubadilisha tairi gizani kando ya barabara. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya zile zinazotangazwa kwa bei ya kutupa si pampu zinazoonekana kwenye tangazo, na anayeziuza hana nia ya kuonekana tena baada ya kupokea fedha.

Jirani yangu anayeendesha teksi ya mtandaoni aliuziwa moja ya aina isiyo na waya, iliyoandikwa kwenye boksi kuwa na betri ya mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). Muuzaji alitaka fedha zote zitangulie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, si Lipa Namba ya biashara, kisha akamwagiza dereva wa bodaboda asiruhusu boksi lifunguliwe mbele yake. Pampu ilizima kabla ya kumaliza tairi la pili. Tulipoifungua tulikuta betri moja tu ya lithiamu, ya umbo la 18650, yaani ile ya duara inayofanana na ya tochi, nayo yenyewe ilikuwa imechapishwa mAh 1,500. Malalamiko yalipopelekwa kwa muuzaji, aliifungia namba ya jirani, na baada ya muda mfupi ukurasa ule ulikuwa na jina jingine na picha zilezile.

Udanganyifu huu wa betri unaweza kugunduliwa bila kufungua kitu chochote. Betri ya 18650 iliyo bora kabisa hufikia takriban mAh 3,500 na huwa na uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, kwa hiyo mAh 20,000 za kweli zingehitaji betri sita au zaidi, ambazo peke yake zinakaribia gramu 300 kabla ya kuongeza mota, silinda na ganda. Pampu nzima inayokaa kiganjani na kuwa nyepesi kama simu haiwezi kubeba kinachoandikwa juu yake. Hata zile za kweli zina kikomo chake: betri mbili zenye jumla ya saa-wati 15 hivi, zikiendesha mota inayokula wati 80, huisha baada ya dakika kumi na kidogo, muda unaotosha kuongeza upepo kwenye matairi yaliyopungua kidogo, lakini si kuyajaza manne yaliyolala chini.

Video za matangazo nazo zinahitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita 30 hadi 40 ndani yake, na kulijaza kutoka likiwa tupu hadi shinikizo la psi 32 kunahitaji kusukuma humo kati ya lita 65 na 90 za hewa ya kawaida. Pampu ya kuchomeka kwenye gari ambayo imeandikwa lita 35 kwa dakika, na kasi hiyo hushuka kadiri shinikizo linavyopanda, itahitaji dakika kadhaa, na hilo si kosa lake. Anayekuonyesha tairi tupu likijaa kwa dakika moja ameharakisha video, au ameanza na tairi ambalo tayari lilikuwa na psi 28. Maandishi ya psi 150 yasikushawishi pia, maana gari dogo halihitaji shinikizo hilo hata mara moja. Kinachofaa kuulizwa ni lita kwa dakika, pamoja na muda ambao pampu inaweza kufanya kazi mfululizo kabla ya kupumzishwa ipoe.

Kwa zile za waya zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, angalieni wati. Tundu hilo ni la volti 12 na kwa kawaida fyuzi yake ni ya ampea 10 hadi 20, kwa hiyo pampu inayodai wati 300 ingehitaji ampea 25 na ingekata fyuzi. Ama wati hizo ni za uongo, ama fyuzi yako ndiyo itakayolipa. Pampu zenye nguvu halisi ya kiasi hicho huja na vibanio vya kushika moja kwa moja kwenye betri ya gari.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni geji. Pampu ya jirani ilisoma psi 32 wakati geji ya kituo cha mafuta ilisoma 25, na dereva anayeamini namba ya kwanza ataingia barabara kuu na tairi lenye upepo pungufu, ambalo kuta zake hujikunja na kupata joto kali kwenye mwendo hadi linaweza kupasuka. Kiwango sahihi kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si ubavuni mwa tairi, ambako huandikwa kiwango cha juu kabisa. Magari mengi yanayotoka Japani huandikwa kwa kPa, na 220 kPa ni sawa na psi 32.

Kwa hiyo nunueni dukani penye mlango, ombeni boksi lifunguliwe na pampu ijaribiwe kwenye tairi la gari lenu hapohapo, mlinganishe na geji nyingine, na mdai risiti ya EFD. Ikibidi kununua mtandaoni, lipeni baada ya kuiona ikifanya kazi. Muuzaji anayekataa sharti hilo mwacheni na mzigo wake. Wenye malori na mabasi ya volti 24 wasikubali kuambiwa kwamba pampu ya volti 12 itawafaa, kwa sababu mota itaungua, na matairi yao yanayozidi psi 100 si kazi ya vifaa hivi.

Aliyekwisha tapeliwa ahifadhi picha za mazungumzo, ujumbe wa muamala na boksi lenyewe, kisha afungue taarifa polisi, kwa kuwa utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya simu ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na bidhaa yenye nembo ya kughushi huripotiwa Tume ya Ushindani, yaani FCC. Fanyeni hivyo mapema, kabla ukurasa haujabadilishwa jina.