Kaunta buku ya kwaya mbili: mbele miamala, nyuma hadithi

Nianze na bei ya hili daftari kubwa la hesabu, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 3,500 Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya shule. Huku kwetu Mbagala nikiishiwa ghafla nainunua 4,000 na sibishani. Jalada gumu, mgongo wa kitambaa chekundu, mistari ya buluu, kurasa 192. Kwaya moja ni kurasa 96, kwa hiyo mbili ni hizo. Mwanangu alipokuwa mdogo aliniuliza hiyo kwaya inaimba kanisa gani.

Mimi ni wakala wa pesa za simu, mwaka wa tisa sasa, na ni mwandishi wa hadithi fupi kwa muda unaobaki. Kaunta buku nanunua kwa ajili ya kazi: tarehe, namba, kiasi, sahihi ya mteja. Hiyo ni mbele. Nikiigeuza kichwa chini miguu juu na kuanzia ukurasa wa mwisho, hapo ndipo penye hadithi.

Mtu atasema si ununue daftari la maana. Ninalo. Mdogo wangu aliniletea moja zuri sana, jalada la ngozi, lina na kile kiutepe cha kuwekea alama. Nilikaa nalo miezi minne nikaandika jina langu. Nikilifungua kibandani, mteja anarefusha shingo: "Dada, unaandika nini humo?" Nikilifungua nyumbani usiku, maneno ya mchana yameshapoa. Simu ndiyo usiseme, kwangu ile ni jembe, inaita katikati ya sentensi. Kaunta buku hakuna anayeiuliza. Wakala ameinama anaandika, watu wanajua anaandika pesa yao.

Na kinachosemwa mbele ya dirisha la wakala, ndugu zangu, hukipati kwingine. Watu hawaji kusimulia. Wanakuja kutuma, na maneno yanawaponyoka. Mfano mmoja tu. Kila anayetuma hapa kwetu anajua kusema "weka na ya kutolea", yaani anayepokea asikatwe makato, apate pesa kamili. Jioni moja akaja kijana, shati limepigwa pasi, akanipa noti mbili za elfu kumi.

"Elfu ishirini, dada. Ya kutolea usiweke."

"Hazitafika kamili, mdogo wangu."

"Najua. Leo ajue."

Basi. Akasaini, akaondoka. Nikageuza kaunta buku nikaandika nyuma: *Ya kutolea usiweke. Leo ajue.* Sikuandika jina wala namba, hiyo ni sheria yangu na siivunji. Kilichoko mbele ni siri ya mteja, hakivuki kwenda nyuma. Usiku, nikishapiga hesabu ya floti, yaani pesa yangu ya kuzungushia kazi, na kufunga, naisoma ile sentensi peke yake na kujiuliza nani mwingine angeweza kuisema. Kijana mwenye hasira na mpenzi wake nilimtupa palepale, huyo kila mtu angemwandika. Nikajaribu baba anayemtumia bintiye wa chuo. Nikajaribu mama mkwe. Mwisho akakaa mwanamke wa makamo anayemtumia pesa kaka yake mkubwa, yule aliyemsomesha, na kwa mara ya kwanza anamkata ile elfu moja na ushee. Hapo hadithi ikaanza kutembea yenyewe. Aibu ya dada ni kubwa kuliko ile pesa yenyewe. Yule kijana hata aisome leo hatajiona.

Mwezi ulionijazia nyuma kuliko mbele ni Julai 2021, tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Kazi ilidorora vibaya, nisiwadanganye, kuna siku nilipata wateja wachache hata nauli ikawa tabu. Lakini maneno! Watu waliokuwa wakituma wakasema bora wampe dereva wa basi bahasha. Mama mmoja aliniambia mwanawe wa kijijini sasa atamsubiri yeye mwenyewe, siyo pesa. Hiyo nayo iko nyuma, bado sijaifanyia kazi. Naiogopa kidogo.

Sifa nyingine ya kaunta buku ambayo hakuna duka litakuambia: inaisha. Mbele inakuja, nyuma inakwenda, kuna siku zinakutana. Mwaka juzi zilikutana nikiwa kwenye hadithi ya mzee anayeaga jirani zake kabla ya kuhamia kwa mwanawe. Nilikuwa nimempangia kuaga kwa kurasa mbili, machozi na kila kitu. Nikageuza karatasi, nakuta upande wa pili muamala wa Jumamosi. Ilikuwa imebaki mistari sita. Mzee akaaga kwa mistari sita. Ndiyo hadithi yangu pekee ambayo msomaji alinipigia kuniuliza, "Halafu?" Sikumwambia kwamba karatasi iliisha.

Na kama kuna anayeona ni aibu kuchanganya ukarani na uandishi, Shaaban Robert mwenyewe alikula mshahara wa karani wa forodha miaka mingi.

Sasa kasoro. Karatasi ni nyepesi. Peni ya jeli inavuja hadi ng'ambo, na kwangu mimi ng'ambo ya hadithi siku moja itakuwa pesa ya mtu, kwa hiyo tumia peni ya kawaida tu. Mgongo ukiachwa juani, gundi inalegea na kurasa za katikati zinachomoka, na katikati ndiko hadithi zangu zinakomalizikia. Mimi huzishona kwa uzi wa viatu. Kubwa zaidi: aina zinatofautiana. Kuna moja, jina nalihifadhi, imeandikwa kwaya mbili na nilipohesabu nikapata kurasa 180. Kumi na mbili zimeliwa. Kwa wakala ni siku kadhaa za kazi, kwa mwandishi ni hadithi nzima. Hesabu dukani kabla ya kulipa, muuzaji akinuna anune. Halafu ifungue katikati uone uzi: ukiuona umeshonwa, chukua, ukiona gundi tupu, rudisha.

Kwaya nne siipendekezi. Nzito, haiingii mkobani, na kurasa zikiwa nyingi hivyo mzee wangu angeaga mpaka leo.

Hii niliyonayo nimeianza Agosti. Mbele niko ukurasa wa 71, nyuma wa 40. Desemba watu wanatuma sana kwao, mbele itakimbia, na nina dada mmoja na kaka yake ambao bado hawajapatana.