507 Mechanical Movements: kinafaa wapi karakanani, na wapi usikitegemee peke yake

Kwa kazi za karakana hapa Mbeya nimekitumia sana kitabu hiki cha Henry T. Brown, chenye picha za mifumo 507 ya mwendo wa mashine, kilichotoka New York mwaka 1868. Hakimiliki yake ilishakwisha, kwa hiyo unakipakua bure na kukipeleka steshenari. Hapo kuwa makini: picha ziko ukurasa wa kushoto na maelezo yake ukurasa wa kulia. Wakichapa mbele na nyuma bila mpangilio, picha inaangukia mgongoni mwa maelezo yake na utashinda unageuza karatasi. Waambie wachape kurasa mbili kwa pamoja, karatasi ikiwa imelala. A3 ni bora zaidi, maana picha ni ndogo.

Uzuri wake ni kujibu haraka swali moja: mzunguko nilionao niugeuzeje uwe mwendo ninaoutaka? Kiingereza chake ni cha kizamani, lakini anayejua puli na krenki ataelewa kwa kutazama picha tu.

Vipimo vya kukatia chuma usivitarajie. Chukua gurudumu la Geneva lenye mifereji minne: pini inayozungushwa na shafti ya pili inaingia mferejini, inalisukuma robo mzunguko, kisha gurudumu linasimama mpaka pini irudi. Ukilichora kwa kukadiria, pini itagonga mdomo wa mfereji kila inapoingia na kuutafuna. Hesabu yake ni hii: umbali kati ya shafti mbili zidisha kwa 0.707. Shafti zikiachana milimita 100, pini ikae milimita 70.7 kutoka katikati ya shafti yake, na gurudumu liwe na nusu kipenyo hichohicho. Pini inafika hadi milimita 29.3 kutoka katikati ya gurudumu, kwa hiyo mfereji upite hapo kwa nusu ya unene wa pini na upenyo kidogo. Mimi hukata kwanza kwa kadibodi ngumu.

Picha namba 1 na 2 kitabuni ni mikanda: wa kawaida, na uliopishanishwa ili kugeuza mzunguko. Hiyo ni mikanda bapa. Mkanda wa V wa mashine ya kusaga usiupishanishe. Unajipinda, unajisugua pale unapokutana, na haudumu. Kama mota ni ya fezi tatu na unataka igeuze mzunguko, badilisha nafasi za waya zake mbili tu.

Tena kuna kiungio cha krosi, kinachounganisha shafti mbili zilizo kwenye pembe, ambacho kila fundi wa malori anakijua. Picha haikuonyeshi kwamba krosi moja kwenye pembe ya nyuzi 20 ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika, upande wa pili unapanda na kushuka kati ya 940 na 1,064, mara mbili kila mzunguko. Ndiyo maana propela shafti, ile inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, ina krosi mbili, pembe zao zinalingana, na uma za shafti ya kati zinakaa usawa mmoja. Ukiichomoa kwenye meno yake na kuirudisha ikiwa imeruka jino, gari litatetemeka hata krosi zikiwa mpya. Piga alama ya panchi pande zote mbili kabla ya kuichomoa.