Kompyuta moja kwa watu watatu: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania, ukifika, steshenari hujaa wateja mpaka barazani. Dada mmoja mwenye steshenari karibu na stendi hapa Morogoro aliona foleni imemzidi, akanunua kibodi ya pili, mausi ya pili na skrini ya pili, akavichomeka vyote kwenye sipiyu yake ileile na kumwita msaidizi wake akae. Haikupita nusu saa akanipigia simu: "Fundi, mbona ninachoandika mimi kinaingia kwenye barua ya mwenzangu?" Nilipofika nikakuta mshale ni mmoja tu, unavutwa huku na huku na mikono ya watu wawili. Katikati ya barua ya kuomba kazi ya mteja mmoja ilikuwa imeingia namba ya mtihani wa kidato cha nne ya mteja mwingine.

Fedha yake haikupotea, maana vifaa vile vilihitajika. Kilichokosekana ni kimoja, nacho wauzaji wengi hawakitaji: kompyuta haijui kwamba mmekaa wawili mpaka uiambie. Ukiongeza kibodi bila kuiambia, inadhani ni mtu yuleyule mwenye mikono minne.

Mafundi wa Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, wana neno zuri kwa jambo hili: kiti. Kiti ni skrini, kibodi, mausi na ikibidi hedifoni, vikiwa vimefungwa pamoja kuwa mali ya mtu mmoja. Sipiyu moja inaweza kubeba viti viwili, vitatu au vinne, kila mtu akaingia kwa jina lake na nywila yake, akafungua vyake bila kumgusa jirani. Inawezekana kwa sababu mtu anayechapa barua au kujaza fomu kwenye tovuti huiacha prosesa imekaa bure karibu muda wote. Core i5 ya mwaka 2012 yenye kori nne haitoki jasho kwa wachapaji watatu. Kinachoumia ni RAM, kwa sababu ya brauza. Mimi naweka GB 8 kwa watu wawili na GB 16 kwa watatu au wanne, na diski iwe SSD. Kwenye hilo la SSD sibembelezi: watu watatu juu ya diski ya zamani ya kuzunguka watagombana kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa tupange, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

Nafasi ya kwanza: sipiyu ndefu ya mtumba, kadi ya grafiki ya ziada, na Linux

Kwa watu wawili hadi wanne, hapa ndipo fedha inapofanya kazi kubwa. Kila kiti kwenye Linux kinataka kifaa chake cha grafiki, yaani kinachopeleka picha kwenye skrini. Kadi moja yenye matundu mawili ya skrini haitoshi kwa njia hii, kwa sababu mfumo unakabidhi kadi nzima kwa kiti kimoja. Kwa hiyo grafiki iliyo ndani ya madabodi inakuwa ya kiti cha kwanza, kadi moja ya kuchomeka inakuwa ya kiti cha pili, na nyingine ya kiti cha tatu.

Ndiyo maana umbo la sipiyu lina uzito kuliko jina la prosesa. Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utaonyeshwa kwanza zile nyembamba, kwa kuwa ndizo nyingi. Ziache. Nyembamba zinataka kadi fupi, na nafasi za kuchomeka ni chache. Omba ndefu ya kusimama. Mfano ninaoujua vizuri ni Dell OptiPlex 7010 ya umbo la mnara: ina tundu refu la PCIe (ndimo kadi inamochomekwa), la pili refu linalofanya kazi kwa kasi ndogo, na moja fupi. Kadi mbili zinaingia na nafasi inabaki. Mwambie muuzaji afungue kifuniko, uyahesabu matundu kwa macho yako.

Kadi yenyewe isiwe ya michezo. GT 710 au Radeon HD 5450 inatosha kabisa: kila moja inakula umeme wa takriban watt 19, haihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, na zipo zisizo na feni. Kukosa feni ni faida kubwa kwa duka lililo kando ya barabara ya vumbi. Kwa Linux mimi huchukua Radeon nikiipata, kwa kuwa draiva yake imo ndani ya mfumo tayari.

Halafu nunua habu ya USB kwa kila kiti, kile kijisanduku kinachogawa tundu moja kuwa manne. Usiidharau, maana habu ndiyo mpaka wa kiti. Ukiikabidhi kwa kiti cha pili, kila utakachochomeka humo kinakuwa cha kiti cha pili: kibodi, mausi, hedifoni ya USB, hata flashi ya mteja inafunguka kwa mtu yule tu aliyeichomeka. Kwa steshenari hili ni jambo la heshima. Flashi ya mteja ina vyeti vyake na picha za watoto wake, haifai ijitokeze kwenye skrini ya meza nyingine.

Kuviunganisha hakuhitaji kununua programu. Tangu mwaka 2012, ilipotoka Fedora 17, moja ya matoleo ya Linux, kazi hii imo ndani ya Linux yenyewe, chini ya huduma inayoitwa systemd-logind. Mimi natumia Debian, toleo jingine la Linux, yenye mandhari ya Xfce. Amri `loginctl seat-status seat0` inaorodhesha vifaa vyote. Unatafuta anwani ya kadi ya pili na ya habu ya pili, kisha unaandika `loginctl attach seat1` ikifuatiwa na anwani hiyo, mara moja kwa kila kifaa. Ukivuruga, `loginctl flush-devices` inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Skrini ya pili inapowaka na kuuliza jina na nywila peke yake, bila kuigusa ya kwanza, hata fundi mzoefu hutabasamu.

Mitego mitatu. Kwanza, kompyuta nyingi zikiona kadi mpya huzima grafiki ya ndani. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa mwanzo inapowaka, uiwashe tena. Pili, habu inatambuliwa kwa tundu ilipochomekwa. Mtu akifagia na kuihamisha tundu, kiti kinapotea. Dada yule wa Morogoro alitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa nyekundu na buluu kwa buluu, na mpaka leo msaidizi wake hajakosea. Tatu, usiwape watu wawili akaunti moja. Firefox itakataa kufunguka mara ya pili ikidai iko wazi tayari, na utadhani mfumo mzima umeharibika.

Printa haina haja ya kugawanywa. Ikishawekwa, viti vyote vinaiona. Kwa anayeuza huduma ya kuprinti, faida hiyo pekee inaondoa usumbufu wa kuhamisha faili kwa flashi kutoka meza hadi meza.

Shida moja ya kweli ni Word. Maombi ya HESLB, eCitizen ya Kenya na tovuti za vyuo ni kazi za brauza, na Linux inazifanya bila tatizo. Lakini mteja akileta tasnifu ya kurasa 90 iliyoandikwa kwenye Word, LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika kwenye Linux, inaweza kusogeza majedwali na namba za kurasa. Kama hiyo ndiyo kazi inayokulisha, soma nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: ASTER juu ya Windows

ASTER ni programu ya kampuni ya IBIK inayoigawa Windows iwe ya watu kadhaa. Uzuri wake ni kwamba inakubali kadi moja yenye matundu mawili ya skrini, kwa hiyo hata sipiyu nyembamba inaweza kufaa, na Word inabaki Word. Kuipanga ni kuburuta picha za kibodi na mausi kwa kipanya hadi kwenye kiti chake. Inauzwa kwa leseni inayohesabu viti, nayo ina siku za kujaribu bure. Zitumie zote, ukiwa na kazi zako halisi na printa yako halisi, kabla ya kulipa.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Masharti ya leseni ya Windows 10 na 11 yanasema kompyuta itumiwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kulipia ASTER hakukupi ruhusa ya Microsoft. Mwenye ofisi inayokaguliwa, au shule ya serikali, alipime hilo kabla hajafungua pochi. Sababu ya pili ni kwamba Windows ikijisasisha usiku, asubuhi unaweza kukuta viti havifunguki mpaka uisasishe na ASTER. Jambo la kukumbuka pia: Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na sipiyu nyingi za mtumba za bei nafuu hazikidhi masharti ya Windows 11.

Nafasi ya tatu: usigawe, nunua ndogondogo

Ukifika watu watano, acha kugawa. Waya zinakuwa msitu, USB ina kikomo cha mita 5 kwa waya wa kawaida, na kila kitu kinategemea pawa saplai moja. Hapo tafuta zile kompyuta ndogo za mtumba zenye ukubwa wa kitabu kinene, kama OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny. Nyingi zinatumia adapta ya watt 65 kama ya laptop. Moja ikifa, wengine wanaendelea.

Kwa shule inayotegemea sola, ongeza Raspberry Pi 400 ya mwaka 2020, ambayo ni kibodi yenye kompyuta ndani yake, RAM ya GB 4. Adapta yake ni ya volti 5 na ampea 3, maana yake haivuki watt 15. Weka Kolibri, programu ya bure ya masomo, kwenye kompyuta moja na darasa zima linasoma masomo bila intaneti. Ila angalia waya: tundu zake za picha ni HDMI ndogo kabisa, na skrini nyingi za mtumba zina VGA peke yake. Nimeona shule ikipokea mashine 10 zikakaa kabatini muhula mzima kwa kukosa viunganishi vya bei ya chakula cha mchana.

Nafasi ya nne: LTSP, kwa shule yenye mtu wa kuitunza

LTSP ilianza mwaka 1999 na bado inaendelezwa. Seva moja ya Linux inawasha kompyuta za zamani zisizo na diski kupitia waya wa mtandao. Ukiwa na vyumba vya mashine chakavu ni hazina: unasasisha sehemu moja, zote zimesasishwa, na mwalimu akiongeza Epoptes anaona skrini za wanafunzi kutoka mezani kwake. Imeshuka hadi ya nne kwa sababu ya watu, wala si kwa ubovu. Mwalimu wa kompyuta akihamishwa na asiwepo wa kumrithi, seva ikikwama chumba kizima kinafungwa. Kama shule yako ina walimu wawili wanaoielewa, ipandishe hadi ya kwanza.

Vya kuacha dukani

Kuna vile vijisanduku vya NComputing vya mfululizo wa X, vilivyopendwa sana mashuleni: kadi moja ndani ya sipiyu, vijisanduku vitano nje. Vilikuwa vizuri wakati wake. Leo bado vinauzwa kwa mtumba, lakini kadi yake inataka tundu la PCI la zamani ambalo madabodi nyingi mpya hazina tena. Windows MultiPoint, njia ya Microsoft yenyewe ya kugawa kompyuta moja, nayo isikupoteze muda: ilionekana mara ya mwisho ndani ya Windows Server 2016, na toleo la 2019 halinayo.

Kwa mpango wa Linux, usinunue adapta ya skrini ya USB 3.0 yenye chipu ya DisplayLink ukitarajia kuokoa kadi ya grafiki. Zile za zamani za USB 2.0 zinatambulika zenyewe. Hizi mpya zinadai draiva ya pembeni na kwenye viti hazitulii. Na kibodi zisizo na waya ziache kabisa pale watu watatu wanapokaa bega kwa bega. Betri zinaisha mteja akiwa amesimama mbele yako, na zikifanana mtu atachukua ya mwenzake.

Siku ya kununua

Fedha itakayobaki, iweke kwenye UPS, ile betri ya kushikilia umeme unapokatika, kabla ya skrini kubwa. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mtu mmoja, inapotea kazi moja. Hapa zinapotea tatu kwa mkupuo, na wateja watatu wanakutazama. UPS ibebe sipiyu na skrini zote. Printa ya leza usiichomeke humo, maana inapopasha moto huvuta umeme mwingi na kuizidi.

Nenda dukani na flashi yenye Debian ya kuwashia moja kwa moja, kibodi mbili na kadi yako kama unayo. Chomeka kadi, washa, waambie wakuletee skrini mbili. Zote mbili zikionyesha picha, moja kutoka madabodi na nyingine kutoka kwenye kadi, hiyo sipiyu ni ya kuchukua. Ikionyesha moja tu, ingia BIOS hapohapo mbele ya muuzaji utafute pa kuwasha grafiki ya ndani. Pasipokuwepo, mrudishie, uombe nyingine.