Mtamba wa Kununua Nairobi: Chotara, Saddleback, Large White au Duroc?

Kama una banda Dagoretti, Ruai au Kikuyu na unatafuta mtamba, yaani nguruwe jike ambaye hajazaa bado, wa kuzalisha, usianze na bei. Omba kwanza kumwona mama yake, kisha chuchumaa uhesabu chuchu za mtamba mwenyewe. Zikiwa chini ya 12, mwache. Zikifika 14, zimepangana sawa pande zote mbili, umepata. Zipapase moja moja, maana chuchu iliyozama ndani haitoi maziwa na kuna kitoto kitakachokosa.

Namba moja kwangu ni chotara wa Large White na Landrace. Kwa Large White wa Uingereza anarithi uzazi na ukuaji wa haraka. Kwa Landrace wa Denmark, yule mwenye masikio yaliyofunika macho, anarithi mwili mrefu na maziwa. Wachinjaji wa Nairobi wanamfahamu na hawakusumbui. Mwekee kivuli tu, kwa sababu ngozi nyeupe huungua na jua.

Namba mbili ni Saddleback, nguruwe ninayempenda kuliko wote. Ni mweusi, na mkanda mweupe unamzunguka begani hadi miguu ya mbele. Waingereza walimpata mwaka 1967 kwa kuunganisha nguruwe wa aina za Essex na Wessex, na leo huko kwao yumo kwenye aina za kale zinazolindwa zisipotee. Ni mama mtulivu: hulala polepole, akiwapa wanawe nafasi ya kusogea. Anakula majani vizuri na jua halimtishi, kwa hiyo mwenye uwanja Kitengela atamfurahia kuliko mwenye banda la saruji mtaani. Ila ukimshindilia chakula hujaa mafuta, na mchinjaji atakukata bei.

Saddleback halisi ni wa kutafuta. Niliwahi kuuziwa Hampshire, aina nyingine nyeusi yenye mkanda, kwa jina hilo, na hasara ile iliniuma. Angalia masikio: ya Hampshire yamesimama, ya Saddleback yameinama mbele. Tena, Saddleback akipandwa na Large White safi, watoto hutoka weupe, pengine na mabaka ya bluu. Ukiambiwa baba ni Large White na kitoto ni cheusi chenye mkanda, kuna jambo unafichwa.

Large White safi ni wa tatu. Mnunue ukitaka kujitengenezea machotara. Duroc, yule mwekundu wa Marekani, namweka mwisho kama mama, lakini kama dume sina wa kumlinganisha naye. Mpandishe kwa chotara, watoto wote uwauze kwa nyama.

Mtamba asipandwe kabla ya miezi 7 au 8, na joto la kwanza, yaani siku anazotaka dume, liache lipite. Litarudi baada ya siku 21 hivi. Ukimkandamiza mgongo akasimama tuli, mpeleke kwa dume siku hiyo. Mimba ni siku 114: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Dume asiwe ndugu yake, hata kama muuzaji anakupunguzia bei ya wawili.

Kabla ya kumpakia, chukua kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa wa mifugo. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, haina tiba na humaliza banda zima. Mgeni mtenge mwezi mmoja, na mabaki ya hotelini yachemshe kabisa kabla ya kumpa.