NOTAM kwa mrusha droni wa Dodoma: tathmini ya huduma

Mrusha droni wa Dodoma ana vitu vitatu vya kutazama kabla hajawasha mota: ramani iliyomo kwenye programu ya droni, taarifa kwa marubani kuhusu matumizi ya anga, ziitwazo NOTAM, na barua ya kibali. Wengi hutazama ramani wakaridhika. Tathmini hii ni ya NOTAM, maana kati ya hivyo vitatu ndiyo isomwayo kidogo na kueleweka vibaya kuliko vyote.

Kama chanzo cha habari tunaipa alama 4 kati ya 5. Haina malipo, inapatikana mtandaoni, na mpangilio wake unafuata Kiambatisho cha 15 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwa hiyo ukijifunza kuisoma Dodoma utaisoma popote. Kwa urahisi wa kusoma, 2 kati ya 5, na hapo tumejizuia. Kama kibali, haina alama yoyote, kwa kuwa si kibali.

Kasoro ya kwanza ni namna ya kuitafuta. Mtu huandika HTDO, alama ya uwanja wa ndege wa Dodoma, akikuta hakuna kitu anadhani anga ni tupu. Droni inayorushwa Bahi au Kibaigwa, mbali na uwanja, inaweza kutangazwa chini ya HTDC, ambayo ni alama ya anga lote linaloongozwa kutoka Dar es Salaam. Tafuta zote mbili kila mara.

Ukiipata, mstari unaoanza na Q unafanana na huu, tulioutunga kwa mfano:

Q) HTDC/QWULW/IV/BO/W/000/041/0610S03545E001

QWULW maana yake vyombo visivyo na rubani vitaruka. 000 na 041 ni kimo cha chini na cha juu kwa mamia ya futi, yaani kutoka ardhini hadi futi 4,100. Namba za mwisho ni mahali, na 001 ni nusu kipenyo kwa maili za baharini, karibu kilomita 1.85. Usichore duara hilo ukaliita mpaka wa kazi. Namba hiyo haipokei vipande vya maili, hivyo duara la mstari wa Q aghalabu ni pana kuliko eneo lenyewe. Eneo halisi limeandikwa kwenye kipengele E.

Kwenye kimo ndiko watu wa Dodoma wanakoumia zaidi. Kikomo cha futi 4,100 kinasikika kikubwa, lakini kikiandikwa AMSL kinahesabiwa kutoka usawa wa bahari, na uwanja wa Dodoma wenyewe uko takriban futi 3,670 juu ya bahari. Zinabaki futi 430 hivi, mita 130. Sasa chukua mpima ardhi aliyepanda kilima kilichoinuka mita 100 kuliko uwanja ili apate mawasiliano mazuri ya rimoti. Amebakiwa na futi 100 tu, mita 30! Skrini yake haitamwambia, kwa sababu droni huhesabu kimo kuanzia pale iliporukia. Itaonyesha mita 120, naye atakuwa amepita kikomo kwa karibu futi 300. Kikiandikwa AGL, hesabu inaanzia ardhi iliyo chini ya droni, si usawa wa bahari. Herufi hizo zisomwe kabla ya namba.

Saa nazo zina mtego. Kipengele B ni mwanzo na C ni mwisho, zikiandikwa mwaka, mwezi, siku, kisha saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, na tunahesabu saa kuanzia asubuhi, kwa hiyo njia fupi ni kutoa tatu: 0600 ni saa tatu asubuhi, 1000 ni saa saba mchana. Anayeisoma 0600 kama saa sita mchana amechelewa saa tatu nzima. Na C ikiishia na EST, yaani makadirio, taarifa haiishi yenyewe muda ukifika. Hudumu mpaka ifutwe au ibadilishwe.

Kukosekana kwa NOTAM si ruhusa. Chini ya kanuni za mwaka 2018, usajili wa droni na kibali cha kuruka vinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo ina sehemu yake. Usitarajie NOTAM ikukumbushe kwamba Bunge, Ikulu ya Chamwino na Mji wa Serikali Mtumba ni maeneo ya ulinzi. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la Bajeti likiendelea, uwanja ulio katikati ya mji unakuwa na safari za viongozi, na hapo simu kwa mnara wa kuongozea ndege ina thamani kuliko ukurasa wowote.

Ramani ya programu tunaiweka nyuma ya NOTAM. Ni uamuzi wa kiwanda, wala si sheria ya nchi: Januari 2025 DJI, kampuni itengenezayo droni, iliondoa kufuli lake la kuzuia droni kuruka maeneo fulani huko Marekani, ikabakiza maonyo, na sheria za huko hazikubadilika kwa sababu hiyo. Isitoshe, ramani isiyosasishwa inaweza isiuonyeshe uwanja mpya wa Msalato.

Barua ya kibali ikifika, ilinganishe na droni iliyo mkononi: namba ya usajili, jina la mrushaji, tarehe, eneo na kimo. Betri ikiharibika ukaazima droni ya mwenzako, barua hiyo haikuhusu tena. Mvua ikiahirisha kazi, usihesabu kwamba tarehe zimesogea zenyewe. Omba tarehe mpya, na kama NOTAM ilitolewa kwa kazi yako, waombe waibadilishe. Inayoibadilisha huwa na herufi R na namba ya ile ya zamani, nayo ndiyo unayopaswa kuiona kabla ya kufungasha betri.