TAHADHARI: Kijana wa steshenari anayeuza "nafasi" za vyuo vya afya, Mbeya

Nimekaa kimya tangu Oktoba kwa sababu ya aibu. Mtu mzima mimi, nauza vitenge Mwanjelwa mwaka wa kumi na moja huu, noti ya bandia naijua kwa kuipapasa tu, halafu naingizwa mjini na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Ningekufa nayo moyoni. Ila matokeo ya kidato cha nne yametoka, na juzi mteja wangu mmoja ananiambia kwa furaha amepata mtu wa kumwingiza mwanawe chuo cha afya, cha serikali, kozi ya utabibu. Nikamuuliza, huyo mtu ana pengo la mbele, anaongea polepole kama mwinjilisti? Akasema umemjuaje. Nikakaa chini juu ya marobota.

Kwa hiyo naandika. Cheka anayetaka kucheka.

Mambo ya baba yake binti yangu siyasemi hapa. Hela yote iliyokwenda ni ya kwangu na ya kikoba. Binti alipata divisheni tatu ya pointi 23. Kiswahili B, Biolojia C, Kemia D, Fizikia F. TAMISEMI wakampangia chuo cha maendeleo ya jamii, akalia siku mbili. Yeye anataka koti jeupe tangu ile wiki tuliyolala na bibi yake wodini, na wengine mlikuwepo mkaona alivyokuwa akiwafuata manesi nyuma. Nikamwambia nyamaza, mama yako nitatafuta njia.

Njia yenyewe nikaikuta sehemu ambayo sikuitafuta. Nilikwenda kutoa kopi ya cheti chake cha kuzaliwa, hizi steshenari za njia ya kuelekea Kabwe. Kijana akapokea cheti kwa mikono miwili. "Shikamoo mama." Akasoma jina la ukoo, akatabasamu, akasema "ndaga fijo" hata kabla sijamlipa. Mnyakyusa mwenzangu! Akaniuliza binti anakwenda wapi. Nikasema ndiyo tunahangaika. Akasema, "Nitajie namba yake ya mtihani."

Hapa ndipo aliponimaliza. Akaandika kwenye kompyuta, akaigeuza ile skrini inielekee, nikaona matokeo ya mwanangu yote. Fizikia F imekaa pale kama mbu kwenye shuka jeupe. Mwili ukanisisimka. Nikajiambia huyu yuko ndani ya mfumo. Yuko ndani ya wizara huyu! Nilikuwa sijui kwamba matokeo ya NECTA yako wazi kwenye tovuti yao, shule kwa shule, namba kwa namba, na hata konda wa daladala akitaka anayasoma. Mimi matokeo nilisomewa na binti mwenyewe tukiwa jikoni. Sikuwahi kuyatafuta.

Akayaangalia, akatikisa kichwa kama daktari. "Hii F ya Fizikia ndiyo tatizo, mama. Ila linarekebishika." Akachukua simu, akaweka spika, nikasikia sauti nzito ya mtu wa makamo: "Nani tena? Nimekwambia zimebaki mbili." Kijana akasema, "Mheshimiwa, huyu ni mama yangu kabisa." Kimya. Halafu ile sauti ikasema, "Basi mwandikie moja, kuna mmoja kaghairi. Lakini kabla ya saa kumi." Nilitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini. Mpaka leo nikiona saa tisa na dakika ishirini tumbo linauma.

Ukutani kulikuwa na picha ya wasichana wawili wamevaa makoti meupe. "Hawa niliwapeleka mwaka jana." Mtu angeuliza ni akina nani, wa wapi. Mimi niliona makoti.

Nikatoa pochi. Akakataa! Akasukuma mkono wangu taratibu: "Mimi hela ya mtu siishiki, mama, hiyo ni rushwa. Unalipa kwa simu ili kila kitu kionekane." Jamani, nisimwamini vipi mtu anayekataa hela? Akanipa namba ya "ofisi ya uhasibu". Elfu 80 ya fomu, laki nne ya kushika nafasi. Nikabembeleza kama ninavyobembelezwa mimi kwenye vitenge, akapunguza hadi laki tatu na nusu, na nikatoka pale najiona mjanja. Hebu niambieni, ni ofisi gani ya serikali inapunguza ukiibembeleza?

Kabla sijaweka namba ya siri, simu ikaleta jina la mpokeaji. Jina la mwanamke, la kawaida tu, halina "chuo" wala "wizara". Kidole kikasimama. Naapa kilisimama. Nikamuuliza huyu nani, akajibu bila kupepesa, "Ndiye mhasibu." Saa tisa na dakika arobaini na kitu. Nikabonyeza. Mimi, niliyekuwa nawacheka watu wa "ile hela itume kwenye namba hii". Mimi namba nimepewa nikiwa nimekalishwa kwenye kiti na maji ya kunywa nimepewa.

Baada ya wiki akapiga: kuna elfu 40 ya namba ya AVN, bila hiyo jina haliingii. Nikatuma. Halafu bima ya afya ya mwanafunzi, shilingi 50,400. Hii ndiyo iliyonizika kabisa, kwa sababu nilimuuliza jirani mwenye mtoto chuoni akasema ndiyo, bima yao ni 50,400 hiyohiyo. Nikaona kumbe kijana mkweli. Kwa ukweli wa elfu hamsini akafunika uongo wa laki nne na elfu sabini. Jumla 520,400, na hapo sijahesabu tranka, godoro, ndoo na makoti mawili niliyomshonesha.

Barua ikaja. Nembo ya taifa, muhuri wa bluu, saini ya wino. Niliipeleka hadi kanisani ikaombewa. Nafasi ya maendeleo ya jamii tukaiacha ikafutika, maana hakuripoti.

Tukapanda basi la alfajiri kwenda Dodoma. Chuo chenyewe sikitaji, hakina kosa. Getini mlinzi akaisoma barua mara mbili, akatuambia tuache godoro pale kibandani. Ofisini tukamkuta msajili, mama wa makamo, mpole. Akaichukua barua, akaitazama, kisha akavua miwani. Akaniambia, "Mama, hii barua ni yetu, ila ni ya mwaka 2021. Jina na tarehe vimebadilishwa. Aliyeisaini hapa amestaafu." Nikamwonyesha meseji za malipo. Alipofika kwenye AVN akauliza ya nini, maana hiyo hupewa mtu aliyekwisha maliza diploma na anaomba digrii. Mtoto wa kidato cha nne haimhusu. Na utabibu, akasema, lazima Fizikia upate walau D, hakuna wa kurekebisha.

Kisha akasema neno lililoniuma kuliko hela. "Lakini mbona huyu angeomba famasi? Wanataka ufaulu wa masomo manne, Kemia na Biolojia yakiwemo. Anazo. Angeomba mwenyewe kwenye mfumo wa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, dirisha lilipokuwa wazi." Binti alikuwa amesimama pembeni yangu, koti moja amelikunja mkononi. Hakusema kitu. Hakusema kitu hadi tulipofika Mtera wakati wa kurudi, akaniuliza kama nina njaa.

Niliporudi steshenari haipo. Palepale wanauza vocha na soksi. Mwenye chumba anasema alihama usiku na anamdai kodi ya miezi miwili, naye analia. Namba ya "mhasibu" bado inaita, anapokea, ukijitambulisha anakata. Ile ya kijana haipatikani, ila kwa maelezo ya huyu mteja wangu sasa yupo upande wa Uyole, amebadilisha kibao.

Jina lake ninalo. Afande kanikataza kuliweka hapa, anasema tutaharibu kesi. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo, na namba zote mbili za simu nimeziripoti 15040, ile namba ya kuripoti matapeli. Mimi sitaki apigwe, msije mkaniletea mambo ya matairi hapa. Nataka akae mahabusu alale sakafuni alivyolala mwanangu kwenye kituo cha mabasi Dodoma. Nataka afungwe apande bustani ya magereza hadi lile pengo liote jino. Na mheshimiwa wake wa kwenye spika naye, nataka nimsikie ile sauti nzito mbele ya hakimu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike basi, au ni ya wanaotukana tu?

Mtaniuliza dalili za tapeli wa namna hii. Dalili nimeshazisema humo ndani, lakini haya: jina la mpokeaji ni la mtu binafsi. Malipo ya serikali yana kontrol namba, na mtu akikwambia "mfumo wa kontrol namba leo uko chini" funga pochi ondoka. Kukuharakisha. Kupunguza bei. Kukuahidi kozi ambayo ufaulu wako haufiki. Na majina ya waliochaguliwa vyuo vya afya vya serikali NACTVET wanayatangaza, binti angekuwa amechaguliwa ningeliona. Sifa za kila kozi zipo kwenye kitabu chao cha mwongozo, kipo mtandaoni bure. Mwalimu wake wa taaluma alinifungulia dakika tano. Dakika tano! Nilikuwa nampita kila siku nikienda sokoni.

Mwaka huu anaomba famasi, tunaomba wenyewe, kwenye simu yangu.

Sasa nisikilizeni. Afande anasema mlalamikaji mmoja shauri linakuwa jepesi, tukiwa wengi linapata uzito. Najua si mimi peke yangu, wale wasichana wa kwenye picha nao ni watoto wa watu. Kama ulituma hela kwa mhasibu huyo, Jumatatu saa tatu asubuhi tukutane kwenye banda langu twende kituoni pamoja. Njoo na simu yenye zile meseji, usizifute. Barua pia, hata kama uliichana, njoo na vipande. Usione haya, nitakuwa nimekaa mbele, chai itakuwepo.